Yaliyomo Ndani ya Bei

Kila mwezi wa Mei, kona za barabara za vijiji vya Oxfordshire nchini Uingereza hujaa vibao vya njano. Kibao kina mshale, na mshale unaelekeza nyumbani kwa mtu: gereji iliyotolewa gari, banda la bustanini, zizi la zamani lililowekewa madirisha makubwa, sebule ambayo makochi yake yamesogezwa ukutani ili picha zipate nafasi. Ndani yumo mwenye kazi yake, mchoraji au mfinyanzi, mchapaji wa picha au mfua fedha au msukaji wa vikapu vya fito, na mlango uko wazi kwa yeyote. Mpango huo unaitwa Artweeks. Ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, siku hizi una mamia ya sehemu za kutembelea, na kila upande wa kaunti una juma lake. Kiingilio hakuna. Nimeuzunguka upande wa mashambani, nikavuka hadi vilima vya Cotswold katika kaunti jirani ya Gloucestershire, na nimerudi na hoja ninayotaka kuitetea hapa: kinachofunguliwa siku zile, zaidi ya mlango, ni bei. Mgeni huingia akiiona bei kama tarakimu iliyobandikwa ukutani, akatoka akijua imejaa nini. Na sisi, ambao mafundi wetu hufanya kazi hadharani mwaka mzima, bei zetu bado zimefungwa.

Uzito wa mlango ule haueleweki mpaka uujue ulivyo siku nyingine. Mashambani mwa Uingereza hakuna desturi ya kupiga hodi kwa mtu usiyemjua. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya chokaa yenye umanjano, mbele yake ua wa mimea iliyokatwa sawasawa, lango dogo, njia ya changarawe, na kimya. Mtu anaweza kuishi jirani na mfinyanzi miaka mingi asijue joko lake liko upande gani wa nyumba. Kwetu jirani akitwanga, akigonga bati au akichonga, mtaa mzima unasikia. Kule viwanda viliichukua kazi ya mikono kutoka vijijini muda mrefu uliopita, na kisha viwanda vyenyewe vikaondoka: mji mdogo wa Witney, uliofuma mablanketi kwa karne nyingi, ulifungiwa kiwanda chake cha mwisho mwaka 2002. Mtoto anayekulia hapo leo anaweza kufika utu uzima bila kumwona mtu mzima akitengeneza kitu kwa vidole vyake. Ndiyo maana wengi wanaofuata mishale ile ni wenyeji wa vijiji vya jirani, wazee na familia zenye watoto, wanaokwenda kuona ng'ambo ya ua wanaoupita kila siku. Mara nyingi wanakuta meza ya chai. Chai yao haichemshwi na maziwa wala tangawizi. Maziwa baridi humiminwa juu yake kikombeni, na pembeni kuna keki au skonzi zenye jemu na malai mazito. Meza hiyo ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Aliyeshika kikombe cha moto hawezi kuchungulia na kuondoka. Atasimama, atatazama, na mwishowe atauliza.

Atatazama nini? Chukua mchapaji wa lino. Mezani pake pana kipande cha zulia lile gumu la sakafuni, kimechongwa kwa patasi nyembamba zenye ncha ya herufi V. Palipochongwa patabaki peupe, palipoachwa patashika wino. Anauweka wino juu ya kioo na kuuviringisha kwa rola, mbele na nyuma, mpaka utoe sauti ya mchicha unaokaangwa. Anaupaka kwenye lino, analaza karatasi juu yake, anazungusha gurudumu la mashine, kisha anaibandua karatasi kuanzia pembeni, taratibu, na miti iliyokuwa kushoto sasa iko kulia, maana kila kitu alikichonga kinyume. Picha ikiwa na rangi nne, karatasi ileile itarudi mashineni mara nne, na kati ya rangi na rangi husubiriwa wino ukauke. Wapo wanaotumia kibao kimoja kwa rangi zote: wanachapa rangi ya kwanza, wanachonga zaidi, wanachapa ya pili, wanachonga tena, mpaka kibao chenyewe kinaliwa chote. Wakikosea rangi ya tatu hawana pa kurudi. Mwisho, chini ya picha, huandikwa kwa penseli tarakimu mbili, 7/40 kwa mfano, yaani nakala ya saba kati ya arobaini, na baada ya hizo arobaini hakuna nyingine. Mtu aliyeingia akidhani picha ile imetoka kwenye printa ya kompyuta, dakika kumi baadaye anaisoma penseli ile kwa macho mengine.

Swali linaloulizwa katika kila karakana ni lilelile: ilikuchukua muda gani? Ni swali la bei lililovishwa adabu. Anayeuliza anagawanya kichwani, pauni kwa saa, apate kujua kama anaibiwa. Swali hilo lina historia ndefu, na Oxford imo ndani yake. John Ruskin, aliyekuwa profesa wa sanaa katika chuo kikuu cha mji huo, aliandika mwaka 1877 kumshutumu mchoraji James Whistler kwa kutoza gini 200 kwa picha ambayo yeye aliiona ni ufedhuli mtupu. Whistler akamshtaki. Mahakamani, mwaka 1878, wakili alimuuliza kama hizo gini 200 anazidai kwa kazi ya siku mbili, naye akajibu kwamba anazidai kwa maarifa aliyoyapata katika maisha yake yote. Alishinda kesi, lakini fidia aliyopewa ilikuwa fardhingi moja, robo ya peni, na gharama za kesi zikachangia kumfilisi. Jibu lake lilikuwa sahihi, na bado baraza la mahakama likalipima kwa robo ya peni. Nadhani sababu ni kwamba maarifa ya maisha yote hayawezi kuthibitishwa kwa maneno. Anayeambiwa anaweza kukubali au kukataa kulingana na moyo wake ulivyoamka siku hiyo. Aliyeona hana uhuru huo.

Na kinachoonwa katika karakana, ambacho duka halikionyeshi kamwe, ni vilivyoharibika. Chini ya meza za wachapaji kuna rundo la karatasi zilizokataliwa, moja imeteleza nusu milimita, nyingine ina alama ya kidole gumba. Kwa mfinyanzi kuna rafu ya vyungu vilivyopasuka vikikauka, vikombe vilivyodondosha mikono motoni, bakuli ambalo rangi yake ya mng'aro iliyeyuka kupita kiasi likaganda kwenye kibao cha joko, sasa haliwezi kutoka bila kuvunjwa. Udongo huo ulichimbwa, ulikandwa, ulifinyangwa, ulikaushwa na kuchomwa sawasawa na wa bakuli lile zuri lililo dirishani. Saa zilezile, kuni au umeme uleule, mgongo uleule. Anayenunua bakuli moja analipia na ndugu zake waliopasuka, kwa sababu mfinyanzi hana mahali pengine pa kuipeleka hasara hiyo. Nilivutiwa na jinsi wengi wasivyoificha rafu ile wageni wanapokuja. Wangeweza kuifunika kwa shuka. Wakiiacha wazi, hawahitaji kutetea tarakimu yoyote ukutani.

Hapa hoja yangu inakutana na kikwazo chake kikubwa, na kikwazo hicho kiko nyumbani. Kama kuona kazi kunafungua bei, basi bei zinazoeleweka kuliko zote duniani zingekuwa za Tabaka, katika milima ya Kisii, magharibi mwa Kenya. Pale jiwe laini huchimbwa mashimoni kwa sururu, jeupe, la waridi, la kijivu, lenye mishipa ya kahawia. Wachongaji, wengi wao wanaume, hulikata kwa panga na kulimalizia kwa kisu. Wanawake hukaa na beseni la maji, wakilisugua kwa msasa mkali, kisha wa kati, kisha laini, wakilichovya na kulisugua tena, mpaka rangi iliyojificha ndani ya vumbi ijitokeze. Mikono yao ni myeupe hadi viwikoni. Yote hayo hufanyika uani na kando ya barabara, bila kibao cha njano wala ratiba. Wamunyu, katika kaunti ya Machakos, wachongaji wa miti hukaa vivulini. Pale Mwenge, Dar es Salaam, vumbi la mpingo liko miguuni pa mnunuzi. Na bado bidhaa za mafundi hawa huuzwa kwa bei ambayo haiwezi kuwa imebeba saa zao, sembuse vilivyovunjika. Vilivyovunjika kwetu havionekani kabisa: kinyago kilichopasuka huenda jikoni kikawa kuni, na mgeni hatakuta rafu ya hasara.

Lakini tuangalie nani anayeona, na nani anayenunua. Mtu anayefika Tabaka na gari lake mara nyingi ni mchuuzi. Yeye ameona kila hatua, anajua kabisa jiwe limesuguliwa mara ngapi, na ujuzi huo haumfai kitu, kwa kuwa maisha yake yanategemea kununua chini na kuuza juu. Mnunuzi wa mwisho yuko Nairobi kwenye soko la vinyago, au yuko uwanja wa ndege, au dukani London, na yeye anaona kiboko wa jiwe tu, mmoja kati ya viboko thelathini rafuni. Mtu mwenye sababu ya kuuliza muda hakuwahi kufika uani. Karakana ya Tabaka iko wazi kwa yule asiyehitaji kujua, na imefungwa kwa anayehitaji. Kule Oxfordshire watu hao wawili ni mmoja: anayemwona mchapaji akibandua karatasi ndiye anayefungua pochi, na anayepokea fedha ndiye aliyechonga. Hilo ndilo linalofanya bei ifunguke, kukutana kwa mikono miwili bila mkono wa tatu katikati. Mlango wenyewe ni njia tu ya kuwakutanisha.

Jambo la pili ni jina. Kila kitu kilichoonyeshwa kwenye nyumba zile kina jina la aliyekitengeneza, limeandikwa kwa penseli, limegongwa kwa muhuri kwenye kitako cha kikombe au limechorwa nyuma ya fremu. Mnunuzi akifika kwake huitambulisha picha kwa jina hilo na kwa jina la kijiji. Kiboko wa Tabaka, ukimgeuza tumbo juu, mara nyingi amekwaruzwa neno moja: Kenya. Nchi nzima imetia saini mahali pa mtu mmoja. Wala kijiji hakikosi majina. Elkana Ong'esa, ambaye sanamu lake la ndege wa amani limesimama makao makuu ya UNESCO mjini Paris, ni mtoto wa Tabaka hiyohiyo, na kazi yake haijawahi kuuzwa kwa kilo. Tofauti ya kipaji ipo, siikatai. Ila hata mwenye kipaji kidogo ana siku zake, ana hasara zake, na siku hizo hazina pa kuandikwa endapo mwenyewe hajaandikwa.

Msomaji wa Dar es Salaam au Kisumu atasema: hao ni watu wa pauni. Wana fedha za kuchezea, ndiyo maana wanavumilia bei. Kuna ukweli ndani yake. Cotswold ni mahali pa matajiri, nyumba nyingi zimenunuliwa na watu wa London, na ukuta mtupu unaotafuta picha ni dalili ya kushiba. Lakini wageni wengi hutoka bila picha yoyote. Wanaonunua mara nyingi hununua kadi au kikombe kimoja. Na wengi wa wenye karakana hawaishi kwa karakana: wanafundisha, au wanakula pensheni, au mume ana mshahara. Utajiri ungekuwa ndio sababu, duka moja la mjini lingetosha na wasanii wasingekubali kugeuza sebule zao kuwa njia ya umma. Ushahidi ulio wazi zaidi uko kwetu. Mtu wa Dar es Salaam anayeagiza kitanda cha mninga kwa fundi seremala hagombani na bei kama anavyogombana na bei ya kinyago, ingawa kitanda ni ghali mara nyingi zaidi. Amekwenda mwenyewe kwenye karakana, amezishika mbao, ameziona zimepangwa zikikauka, anamjua fundi kwa jina la mtoto wake, amepiga simu kuuliza kimefikia wapi. Anaweza kulalamika kuhusu kuchelewa, wala hasemi kwamba ameibiwa. Hatukosi uwezo wa kulipia saa za mtu. Tunalipa tukiziona na tukimjua mwenye nazo.

Pingamizi hilo la utajiri, hata hivyo, liliwaumiza Waingereza wenyewe kabla halijafika kwetu. Katika kijiji cha Kelmscott, kandokando ya mto Thames, kuna nyumba aliyoipanga msanii William Morris mwaka 1871 na aliyoipenda hadi kifo chake mwaka 1896. Alihubiri kwamba sanaa iwe ya watu wote na ifanywe na watu wote, lakini mazulia na mapazia yake, kwa kuwa yalifanywa kwa mikono na kwa subira, yaliishia kwenye nyumba za wenye nacho, na jambo hilo lilimtesa hadharani. Kizazi kilichofuata, mfinyanzi Michael Cardew alijaribu njia nyingine. Mwaka 1926 alianzisha tena ufinyanzi karibu na mji mdogo wa Winchcombe, akamwajiri mfinyanzi mzee aliyekuwa akifanya kazi mahali hapohapo zamani, akatengeneza mitungi, mabakuli na vyombo vya jikoni kwa udongo wa eneo lile, akitaka viuzwe kwa bei ya mtu wa kawaida. Karakana hiyo ipo hadi leo. Maisha ya Cardew mwenyewe yalikuwa magumu, na mwaka 1942 alikwenda Afrika Magharibi, kwanza Achimota, Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, kisha Nigeria, ambako alianzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi mjini Abuja, mji ambao sasa unaitwa Suleja.

Kutoka karakana ile ya mashambani kuna uzi unaofika moja kwa moja Afrika Mashariki. Mwaka 1954 alijiunga na kituo cha Abuja mwanamke wa Kigwari, Ladi Kwali, ambaye tayari alikuwa fundi aliyekomaa wa mitungi ya kijijini kwao. Picha yake leo iko kwenye noti ya naira 20. Miaka ya 1970 alifika hapo binti mzaliwa wa Nairobi, Magdalene Odundo, aliyekuwa mwanafunzi Uingereza na aliyeshauriwa na Cardew kwenda kujifunza. Alikaa na wanawake wa kituo hicho wakijenga vyungu kwa mikono, bila gurudumu. Hadi leo Odundo hujenga hivyo: udongo kwa mkono, kuta zinapanda taratibu, kisha kusugua na kusugua tena mpaka ngozi ya chungu ing'ae bila rangi yoyote ya kioo, kisha moto, unaokitoa kikiwa cha rangi ya machungwa au cheusi tii kutegemea hewa iliyoachwa jokoni. Vyungu vyake huuzwa mnadani kwa mamia ya maelfu ya pauni. Najua Odundo ni msanii wa kiwango ambacho hatuwezi kumtarajia kila mfinyanzi. Lakini ufundi wake wa msingi, kujenga kwa mkono, kusugua, kuchoma bila gurudumu wala mng'aro wa kioo, ni jamaa wa karibu wa ufundi wa mama anayeuza mtungi gulioni kijijini kwa noti chache. Pengo kati ya bei hizo mbili haliwezi kuwa kipaji peke yake. Sehemu kubwa ni kwamba tunajua Odundo ni nani, alijifunza wapi, alichukua miaka mingapi, na ni vyungu vichache kiasi gani anavitoa.

Pingamizi jingine linatoka kwa mafundi wenyewe, nami naliheshimu zaidi: ukifungua mlango, unaibiwa ujuzi. Kwetu mtu akibuni kinyago kinachonunulika Jumatatu, Ijumaa kiko kwenye vibanda kumi. Waingereza nao wanalijua hilo. C. R. Ashbee, aliyekihamisha chama chake cha mafundi kutoka mashariki ya London hadi mji mdogo wa Chipping Campden, kwenye vilima vya Cotswold, mwaka 1902, alishuhudia duka kubwa la Liberty likiuza vyombo vya fedha vya mtindo kama wake, vilivyotengenezwa kwa mashine na kwa bei ya chini. Umbali na soko pamoja na ushindani huo vilikiua chama mwaka 1908. Hata hivyo, tujiulize Wamunyu ilitoka wapi. Mutisya Munge, Mkamba wa hapo, alichukuliwa katika Vita Kuu ya Kwanza hadi Tanganyika, akaona uchongaji wa Wazaramo, akarudi nao. Kama Wazaramo wangefungia patasi zao ndani, Ukambani kusingekuwa na tasnia iliyolisha maelfu ya familia. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga naye alianza mwaka 1968 kupaka rangi za mafuta za madukani juu ya vipande vya dari, akawaachia ndugu na wanafunzi wafanye kama yeye, na alipouawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, mtindo haukufa. Uwazi uliwapa wachongaji wa Wamunyu na wachoraji wa Tingatinga riziki. Kinachowanyonya ni nakala zisizo na jina, kwa kuwa asiyejulikana hawezi kushindana na anayemwiga kwa kitu kingine isipokuwa kupunguza bei. Mwenye jina anaweza kuigwa na bado akaulizwa yeye.

Wengine huona karaha katika jambo zima: kumgeuza fundi maonyesho, mgeni asimame na keki mkononi akimtazama mtu anavyotokwa jasho. Tumewaona watalii wakifanya hivyo kwenye maboma yaliyojengwa kwa ajili yao, ambako hata mwenye boma anaigiza. Nakubali hatari ipo. Ila pale Oxfordshire mwenye nyumba ndiye anayechagua siku zake, saa zake, chumba atakachokionyesha na kile atakachokifunga, na akitaka mwakani hafungui. Mgeni naye ni jirani, ambaye kesho watakutana kwenye foleni ya posta. Pale ambapo fundi hana uamuzi huo, sitaki karakana yake ifunguliwe hata kidogo.

Kwa hiyo sisemi tuige tamasha. Majuma machache kwa mwaka ni dawa ya nchi iliyokwisha kufungia kazi ndani, na yana udhaifu wake: mchangamfu wa maneno huuza kuliko fundi mkimya, na anayefanya kwa kujifurahisha hupanga bei ya chini akamharibia yule anayelisha watoto kwa kazi hiyo. Kilichonishawishi zaidi kule hakikuhitaji kibao cha njano. Chipping Campden, katika jengo la zamani la kinu cha hariri, chama cha Ashbee kilipokufa, mfua fedha mmoja wa ukoo wa Hart alibaki ghorofani, na ukoo huo bado unafua hapo. Ngazi ziko wazi siku za kazi. Juu kuna meza za mbao zilizochakaa, nyundo zimepangwa kwa ukubwa, na darini yananing'inia mafungu ya stakabadhi za miaka mingi zilizotungwa kwenye waya. Watu huleta kijiko cha bibi kinyooshwe, kanisa huleta kikombe cha ushirika kirekebishwe. Kazi ya kurekebisha ndiyo inayomrudisha mteja kwa fundi, na kila akirudi anaiona tena bei ikitengenezwa.

Kwetu mfano wa namna hiyo upo tayari, na unastahili kusaidiwa kuliko kubuniwa upya. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, hufinyanga vyungu vya rangi ya malai vyenye michoro ya udongo mwekundu, na siku ya Jumamosi huvipeleka kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, karibu na Matema. Aliyefinyanga ndiye anayeuza. Anayenunua anakigonga chungu kwa kifundo cha kidole, anasikiliza kama kina ufa, na kikimvujia jikoni anajua Jumamosi ijayo amtafute nani. Mambo huharibika chungu kinapopanda gari kuelekea Mbeya na Dar es Salaam, ambako anayekipanga barabarani hajui mkono uliokitoa. Kulitibu hilo hakuhitaji fedha nyingi: kijiti chenye ncha, jina likwaruzwe kitakoni kabla udongo haujakauka, na pale kinapouzwa mjini paandikwe kijiji na namba ya simu ya kikundi. Wenye magari hawatapenda, maana faida yao imejengwa juu ya mnunuzi kutojua. Ndiyo sababu akina mama hao wanahitaji kwanza chama cha ushirika chenye nguvu ya kukataa kuuza chungu kisicho na jina, kabla ya mtu yeyote kuwapelekea turubai, vipaza sauti na mgeni rasmi.